Maswali ya wasomaji: Modemu inatuma faksi, BBS inagoma

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina ofisi ndogo ya mizigo hapa Kirumba, Mwanza, na kuna wateja wa minofu ya sangara bado wanataka makaratasi kwa faksi, nikatoa modemu ya zamani kabatini (kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu) nikaichomeka laini ya mezani inayopita switchboard ya jengo. Mwanzo ikawa inasema NO DIALTONE na simu ukiinyanyua inaunguruma vizuri tu. Siku ikikubali, ukurasa wa kwanza unafika wa pili unakatika. Jioni nikitaka kuingia BBS moja ya nje (kompyuta ya mbali unayoipigia kwa modemu kusoma na kuacha ujumbe) inapiga halafu haishiki, ila nikiizima na kuiwasha inakubali. Imekufa?

JIBU: Haijafa ndugu yangu, na hiyo ya kuzima na kuwasha ndo imenipa jibu. Modemu ina hali mbili, ya data na ya faksi, programu ya faksi ikiiweka kwenye faksi ya klasi 1 kwa amri AT+FCLASS=1 halafu ikafunga vibaya bila kuirudisha, modemu inabaki inasubiri faksi na we unaipigisha BBS, hawaelewani hata dakika moja. Kabla ya kupiga, kwenye programu unayopigia BBS andika amri ATZ ya kuirudisha mwanzo, kisha AT+FCLASS=0, hapo inarudi kwenye data. Usizime zime umeme kila jioni, unaichosha bure.

NO DIALTONE ni hiyo switchboard, mlio wake wa ndani modemu haiutambui. Weka ATX3 ipige bila kusubiri mlio, na kama mnabonyeza 9 kupata nje basi andika ATDT9, (pamoja na koma) halafu namba, hiyo koma inasubiri kama sekunde 2 ndo inaendelea, bila koma namba za mwanzo zinapotea.

Ukurasa wa pili kukatika, anza kwa kushusha spidi ya faksi kwenye programu toka 14400 hadi 9600, ikigoma bado 4800, utasubiri kidogo ila karatasi inafika, na mteja hajali ilichukua dakika ngapi. Kingine, kwenye klasi 1 kompyuta ndo inabeba kazi kubwa ya mazungumzo ya faksi, ikiwa bize na mambo mengine inachelewa kujibu na upande wa pili unakata, kwa hiyo funga programu zingine wakati unatuma. Na usijaribu faksi kwenye zile simu za mezani zinazotumia laini ya mkononi, sauti inabanwa njiani na faksi haivumilii kubanwa.

BBS weka 8N1, yaani biti 8, hakuna pariti, stop biti 1, na teminali, yaani namna programu inavyoonyesha maandishi, iwe ya ANSI, ukiona herufi za ajabu ajabu hapo ndo pa kuangalia kwanza. Mi nafurahi sana kuona mtu bado anapiga BBS, ile ya kwanza ya Ward Christensen na Randy Suess iliwashwa Chicago Februari 1978 na namna ya kuingia ni ileile.

Halafu mawingu yakianza kujikusanya ziwani chomoa waya wa simu, siyo wa umeme peke yake, radi za huku zinaingilia kwenye laini na modemu haiponi.

Ukipata nafasi andika AT+FCLASS=? uniambie imejibu nini, ikiwemo 2 tutabadilisha klasi, kazi itahamia kwenye modemu yenyewe.