Mkuu wa Iringa, simama hapo hapo: kila "na pia" ina bei

Mkuu, funga hiyo kompyuta kwanza. Nimesoma swali lako mara mbili na moyo umenienda mbio. Unasema umepata mama mwenye loji njia ya kwenda Ruaha, anataka tovuti. Unauliza umtoze kiasi gani, utumie WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, au uandike mwenyewe kuanzia mwanzo, domeni, yaani anwani ya tovuti, iwe .com au .co.tz, na umwombe muda gani. Halafu katikati umepitisha sentensi moja kama vile haina uzito: "Amesema nianze tu, hela siyo tatizo, kwa hiyo ukurasa wa mbele nimeshaumaliza."

Hayo mengine yatasubiri. Mlango huo ndio nilioingilia mimi, na nilitoka baada ya miezi tisa.

Mwaka 2021 hapa Mbeya nilipata kazi ya mzee mmoja anayenunua parachichi Rungwe na kuwauzia wanunuzi wa nje. Tulikutana mgahawani Mwanjelwa. Nikamwamkia shikamoo, akaagiza chai na chapati, tukaelewana: kurasa tano, Kiswahili na Kiingereza, picha za mashamba, na fomu ya mnunuzi kutuma ujumbe. Bei 900,000, wiki nne. Tukapeana mikono. Karatasi hakuna, kianzio hakuna. Nilipanda daladala kurudi Uyole nikiwa nimeshaigawa ile hela kichwani, kodi ya nyumba hapa, ada ya mdogo wangu pale.

Wiki ya pili zikaanza simu. "Kijana wangu, na pia weka Kijerumani, kuna mtu wa huko anaulizia mzigo." Sawa mzee. "Na pia tupate barua pepe za ofisi." Sawa mzee. "Na pia nembo iwe kubwa." Nembo yenyewe aliituma WhatsApp: picha ya fulana iliyokunjwa juu ya kiti, chapa ya kifuani imepauka kwa kufuliwa, nusu ya jani imeingia kwenye mkunjo. Nililichora lile jani upya usiku mbili, mshipa kwa mshipa, kwa kukisia ile nusu isiyoonekana. Sikumwambia hata mara moja kwamba kuchora nembo ni kazi ya peke yake.

Ona jinsi mambo yanavyokwenda. Kila moja likisimama peke yake ni dogo, na ukilitajia bei unajiona mroho. Kwa hiyo unanyamaza, na ukimya wako yeye anausoma kuwa limo ndani ya bei.

Ndipo likaja lenyewe: "Na pia wakulima wangu waweze kuona kilo zao humo humo." Nikajibu sawa mzee.

Mkuu, hapo tovuti iliishia na mfumo ukaanza, na mimi niliyekuwa fundi ndiye nilipaswa kumwonyesha huo mpaka. Tovuti ya kujitangaza unaiweka hewani, watu wanasoma. Mfumo wa kilo unataka jina la kila mkulima, kijiji chake, uzito aliopima, matunda yaliyokataliwa, bei ya siku hiyo, alicholipwa na anachodai. Nani anaingiza? Nani anaruhusiwa kusahihisha? Karani akikosea inajulikanaje? Na wakulima wengi walikuwa na viswaswadu visivyofungua tovuti yoyote, kwa hiyo ikabidi kilo ziende kwa SMS. SMS za mfumo zinanunuliwa, na jina la mtumaji linasajiliwa. Nilinunua kwa hela yangu, nikijiambia nitarudishiwa mwishoni.

Siku ya kwanza ya kupima nilikuwepo kituoni, juu ya Tukuyu, mvua inanyesha kama inavyojua kunyesha kule. Karani anaandika kwenye daftari lililolowa, mimi naingiza kwenye simu. Mchana bibi mmoja akanifuata, kanga kichwani, akanyoosha kisimu chake mpaka karibu na pua yangu. Kilikuwa kimeandika kilo 38. Yeye alikuwa ameleta 212. Kijiji kile kina watu wawili wenye majina yote matatu yanayofanana, na mimi nilikuwa nimewatambua wakulima kwa majina badala ya namba. Kilo za bibi zilikwenda kwa mwenzake wa ng'ambo ya mto. Kabla ya jioni kituo kizima kilikuwa kinasema kijana wa kompyuta ameiba kilo. Nilisimama pale nikiapa mbele ya watu wazima wenye umri wa wazazi wangu kwamba sijaiba, kwa kazi ambayo hata sikuwa nimelipwa. Nilirekebisha usiku ule ule, lakini bibi yule hakuamini SMS yangu tena, na haki alikuwa nayo.

Miezi tisa. Nilizopokea, kwa vipande vipande vya M-Pesa, ni 300,000. Nilizotoa mfukoni, nikijumlisha domeni, hostingi (nafasi ya kuiweka tovuti hewani), SMS na nauli za Tukuyu, ni 410,000. Katikati hapo nilikataa kazi mbili za watu wengine kwa sababu "namalizia ya mzee". Nilipopata ujasiri wa kudai, aliniuliza kwa upole kabisa: "Tulisema laki tisa kazi ikiisha. Imeisha?" Nilikosa jibu. Kwa hesabu yake kazi ilikuwa haijaisha, maana kila alipoongeza kitu nilikubali. Mzee wa watu hakuwa tapeli. Alikuwa ananunua mbuzi kwenye gunia, na mimi ndiye niliyeshika gunia likiwa limefungwa.

Ninayemlaumu mpaka leo ni kaka mmoja aliyenitangulia kwenye kazi hizi. Nilimfuata mapema kabisa, "na pia" zikiwa tatu tu, nikamwomba ushauri. Akaniambia: "Mteja mkubwa usimbane. Mpe kila anachotaka, atakufungulia milango." Hakunieleza kwamba yeye ameajiriwa, tovuti anazifanya jioni, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia mteja alipe asilipe. Ushauri ule kwake ulikuwa bure, kwangu ulikuwa kodi ya nyumba. Na bado anawapa vijana hadi leo, nawasikia wakiurudia neno kwa neno, na unaniuma kila ninapousikia. Mtu akikushauri habari za bei, muulize kwanza yeye anakula kwa hela ipi.

Kitu kingine ambacho wanaotufundisha biashara kwa video za ng'ambo hawakijui ni shikamoo. Ukishamwamkia mtu, akakuita kijana wangu, akakununulia chai, kumwambia "hiyo ni laki mbili zaidi" unahisi kama unamvunjia heshima mzazi. Ndiyo maana bei isemwe na karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wazee wenyewe ndio waliotufundisha hivyo. Sijawahi kuona mzee aliyeudhika kwa kuandikiwa. Nimeona walioudhika kwa kushtukizwa mwishoni.

Kwa hiyo tangu hapo nina sheria moja. Kila "na pia" inaandikwa, inapewa bei na siku, na inajibiwa kabla sijaigusa. Hata iwe ndogo. Hata iwe bure, naandika: "Hii nakuongezea bila malipo, thamani yake 30,000." Na ajabu yake, nyingi zinakufa zenyewe. Kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kabwe alitaka na pia sehemu ya wateja kuchati kwenye tovuti. Nikamwandikia: 250,000, siku kumi, na utahitaji mtu wa kukaa anajibu. Akarudisha sekunde ileile: "Aa, acha, WhatsApp inatosha." Kama ingekuwa zamani ningekesha wiki mbili kwa kitu ambacho mwenyewe hakukitaka hata kwa saa moja.

Sasa mama yako wa loji. "Hela siyo tatizo" maana yake bado hajapiga hesabu. Muulize ametenga kiasi gani, na akikwepa, mtajie wewe viwango viwili: tovuti ya kuonyesha vyumba na namba ya WhatsApp ni kiasi hiki, tovuti ambayo wageni wanaweka nafasi ya chumba humo humo ni kiasi kile. Uso wake utakuambia.

Nakutabiria na "na pia" zake zitakavyokuja. Itaanza kalenda ya vyumba. Halafu wageni walipe kwa kadi, na hilo linahitaji yeye mwenyewe aingie makubaliano na benki au kampuni ya malipo, wanaokata makato kwa kila muamala, kwa hiyo usimwahidi kwa niaba yao. Halafu kalenda isomane na Booking.com, tovuti ambako wageni hukodi vyumba, na hapo kalenda hizo zinaweza kuchelewa kupashana habari, chumba kimoja kikauzwa mara mbili. Mgeni wa pili atafika usiku amechoka na njia, na atakayepigiwa simu ni wewe. Na yote atayataka kabla ya Juni, kiangazi kikianza na wageni wa mbuga wakimiminika.

Domeni na hostingi alipie yeye, kwa jina lake. Mimi ya mzee niliisajili kwa jina langu ili kuharakisha, na tulipotofautiana akaamini nimeishika mateka. Kuirudisha tu kulituchukua wiki tatu za maneno makali.

Ule ukurasa wa mbele usimwonyeshe. Kabla hujaongeza hata picha moja, mtumie hivi leo:

"Shikamoo mama. Nimefurahi kupata kazi yako na nataka ikae vizuri. Nimeandika hapa chini yaliyomo kwenye bei, na yasiyokuwemo, ili tusije tukasahauliana. Ukiona kimepungua kitu niambie, nitakuandikia bei yake na siku zake. Ukiridhika, kianzio ni nusu, na siku ya kwanza ya kazi inahesabiwa kianzio kikiingia."

Akikujibu, rudi hapa na orodha uliyomwandikia. Nitaipitia mstari kwa mstari.