Ukiipania Tamthilia ya Kikorea, Tazama Kwanza Nani Kaiandika

Kila nikiona picha ya kwanza ya tamthilia mpya ya Kikorea, moyo hunidunda kama wa mtoto aliyeambiwa kesho Idi. Niko hivi tangu enzi za CD. Ila namna ninavyosubiri imebadilika sana, na kwa kuwa kila wiki kuna ndugu au rafiki ananiuliza "kuna nini kipya kinakuja?", nimeona niyaandike niliyojifunza.

Wadogo zangu hawajui tulikotoka. Kwetu Ngamiani, Tanga, kulikuwa na kibanda cha kukodisha CD, na sisi tulikuwa wateja wa kila siku. Jumong, tamthilia ya Kikorea ya mavazi ya kifalme, ilipofika mtaani tuliipangia foleni. Diski ilikuwa imepita mikono mingi, imechubuka vibaya. Nakumbuka usiku mmoja: upanga umeshachomolewa, steringi ndiyo anageuka, picha ikaganda. Mama akaitoa diski, akaipaka dawa ya meno kwa ncha ya kidole, akaisugua taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni, akaifuta kwa pindo la kanga na kuirudisha. Ikacheza dakika chache, ikaganda tena. Akarudia. Hatukulala mpaka tulipojua upanga ule ulimwangukia nani.

Siku hizo tulijua sura tu. Tukimaliza moja tunamwendea kijana wa kibandani: "Nyingine ya Jumong ipo?" Yaani nyingine yenye mwigizaji yule. Zipo tulizozipenda, na zipo tulizoziacha njiani bila kuelewa kwa nini, maana sura ni ileile na mavazi ni yaleyale ya kifalme. Tukidhani ni bahati.

Nilipoanza kutumia intaneti ndipo nikakutana na jina la Kim Young-hyun. Ndiye aliyeandika Jewel in the Palace, ile ya mpishi wa ikulu anayekuja kuwa tabibu wa mfalme, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha MBC cha Korea kuanzia 2003. Na ndiye huyohuyo, akiwa na Park Sang-yeon, aliyeandika Queen Seondeok ya 2009. Zote mbili nilikuwa nimeshazitazama, na zote zilinikosesha usingizi. Ghafla nikaelewa nilichokipenda. Ni binti anayeanza chini kabisa, anajifunza kitu kimoja baada ya kingine mbele ya macho yetu, na adui yake ni mtu mwenye akili na sababu zake. Mishil wa Queen Seondeok ni adui, lakini aliandikwa kwa uzito kiasi kwamba mwigizaji wake, Go Hyun-jung, ndiye aliyebeba tuzo kuu ya tamthilia za MBC mwaka ule. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa akila biriani kwenye shughuli mbalimbali, kumbe mpishi ni mmoja.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu, na mingine yote inatoka humo: tamthilia mpya ikitangazwa, kabla hujauliza nani anaigiza, uliza nani kaandika. Kule Korea jina la mwandishi huwekwa mbele kwenye matangazo, na mara nyingi mtu mmoja au wawili huandika hadithi yote tangu sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho. Sehemu zote, hata zikiwa 16, ni mkono mmoja. Ukiupenda mkono huo mara moja, una sababu ya kuupenda tena. Park Hae-young aliandika My Mister ya 2018, kisha tukakaa miaka minne mpaka My Liberation Notes ya 2022. Nilipoona jina lake nikaipania kabla hata sijajua inahusu nini, na sikujuta.

La pili, usiamini habari ya mapema. Hapa niliumia. Miaka kadhaa nyuma nilisoma kwamba mwigizaji ninayempenda amepewa nafasi na "anaifikiria vizuri". Nikawatangazia ukoo mzima kwenye kundi letu la WhatsApp. Shangazi zangu wakafurahi, binamu zangu wakaanza kuhesabu miezi. Baadaye akajitoa, nafasi akapewa mwingine, na kwa muda mrefu kila nikileta habari naambiwa, "Huyo naye anafikiria?" Sasa najua. Katika habari za burudani za Korea maneno hayo yana maana kwamba ofa imefika mezani na hajakubali bado. Mimi nasubiri picha za siku ya kusoma mswada: waigizaji wamekaa kuzunguka meza ndefu, kila mmoja na karatasi zake. Nikiziona hizo ndipo naandika kwenye kidaftari changu. Baada ya hapo huja mabango, kisha vionjo, yaani video fupi za kuitangaza, kimoja baada ya kingine. Nakushauri utazame kionjo cha kwanza tu. Kile kirefu kinachotolewa siku chache kabla ya kuanza humwaga uhondo mwingi mno, na huwezi kuurudisha.

Kumbuka pia jeshi. Wanaume wa Korea hutumikia jeshi kwa sheria, jeshi la nchi kavu ni kama mwaka na nusu, na waigizaji nao huenda. Kwa hiyo anayesubiri sura peke yake atasubiri sana. Na si jeshi tu linalobadilisha sura: Arthdal Chronicles ilianza 2019, ikarudi 2023 na nyuso mpya kwenye nafasi za mbele: badala ya Song Joong-ki na Kim Ji-won wakaja Lee Joon-gi na Shin Se-kyung. Binamu yangu alikataa hata kuifungua. Mimi niliona waandishi ni walewale, Kim Young-hyun na Park Sang-yeon, nikatulia nikaitazama yote. Hatujaafikiana mpaka leo, na namwambia hapa tena: alikosa kitu kizuri.

Kuhusu muda, mambo ni rahisi. Korea wametutangulia saa sita. Tamthilia inayorushwa Seoul saa tatu na robo usiku, kwetu ni saa tisa na robo alasiri. Nyingi hutoka sehemu mbili kwa wiki, siku mbili zinazofuatana, kwa hiyo ya sehemu 16 inakula wiki nane. Wapo wanaongoja iishe ndipo waimeze yote kwa siku mbili. Sina ugomvi nao, bando ni ghali na kila mtu na ratiba yake. Lakini kama unaweza, ifuate wiki kwa wiki. Ile arosto ya Jumatatu mpaka Ijumaa, kubishana nani kasema uongo, kumkumbuka mhusika ukiwa kwenye daladala, hayo hayapatikani ukiimeza kwa mkupuo. Hadithi hukaa na wewe miezi miwili kama mgeni wa nyumbani.

Na usisubiri peke yako. Machi 2025 Netflix walitoa When Life Gives You Tangerines, sehemu nne kila Ijumaa kwa wiki nne. Mimi niliisubiri kwa ajili ya mwandishi, Lim Sang-choon, kwa sababu ya When the Camellia Blooms ya 2019. Ilikuwa Ramadhani. Tukawa tunatazama baada ya tarawehe, mbili Ijumaa na mbili Jumamosi, mimi na mama kwenye mkeka, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mimi ndiye msomaji: maandishi ya chini yako kwa Kiingereza, namtafsiria mama mstari kwa mstari.

Hadithi ni ya kisiwa cha Jeju, na mama wa yule binti ni mmoja wa wanawake wa huko wanaopiga mbizi kuvua vya baharini. Binti, bado mdogo, anaandika shairi la kuwalaumu konokono wa baharini wanaomchukulia mama yake kutwa nzima. Nilipofika hapo nikamsikia mama kanyamaza. Mama yake yeye, bibi yangu, alikuwa akitoka maji yakikupwa na kijiti chake kwenda kuchokoa pweza miambani, na mama alikuwa akiachwa ufukweni na wadogo zake mpaka maji yajae. Hajawahi kunisimulia hayo kwa urefu kama alivyonisimulia usiku ule. Simu ilijizima, hatukuigusa.

Nikamwambia pia kwamba jina la Kikorea la tamthilia ile ni maneno ya lahaja ya Jeju ya kumshukuru mtu kwa taabu aliyoibeba.

"Pole na kazi," akasema.

"Ndiyo mama, ndiyo hiyohiyo."

Ilipoisha akauliza mwandishi huyu atatoa nyingine lini. Nikamweleza kwamba kati ya ile ya 2019 na hii imepita zaidi ya miaka mitano. Akafikiri kidogo. "Basi nitafutie hiyo ya 2019, mwanangu, tuanze nayo." Tulianza Idi Mosi, kabla hata sahani za pilau hazijaoshwa.