Bili ya maji imepanda na ukuta unagonga: je, tuvunje sakafu?

SWALI: Fundi, pole na kazi. Nyumba yetu ni ya siku nyingi na mabomba yamefukiwa chini ya sakafu. Siku hizi bili ya maji imepanda ilhali matumizi ni yaleyale na hatuoni panapovuja. Koki ya sinki la jikoni inadondosha maji. Imebadilishwa wosha, kile kimpira cha ndani, mara mbili na bado haijakoma. Tukiifunga kwa haraka, au mashine ya kufulia ikikata maji, ukutani kunagonga kwa kishindo, na usiku ndiyo huzidi. Hita ya maji nayo inatoa matone kwenye kibomba chake cha pembeni. Halafu sinki hilohilo la jikoni linaguguma na kutoa harufu kila choo kikivutwa. Fundi aliyekuja anasema mabomba yamekwisha, tuvunje sakafu tuweke mapya. Tumsikilize?

JIBU: Asante, nimeshapoa. Msivunje kitu kwanza. Inawezekana kweli kuna bomba lililotoboka chini, lakini katika yote uliyoeleza sioni dalili hata moja inayothibitisha hilo, na ninaona kadhaa zinazoelekeza kwingine. Koki isiyokoma hata kwa wosha mpya, kishindo ukutani, kelele kuzidi usiku, hita kutoa maji pembeni: mambo haya manne yakitajwa pamoja, kitu cha kwanza ninachotaka kukijua ni presha ya maji yanayoingia nyumbani. Sinki linaloguguma ni jambo la upande wa maji taka, nalo nitalifikia.

Presha haikisiwi kwa kutazama maji yanavyotoka kwenye koki. Inapimwa kwa geji, kifaa kidogo chenye mshale kinachofungwa kwenye koki ya nje yenye nyuzi. Funga koki nyingine zote ndani ya nyumba, fungua hiyo yenye geji, usome. Presha husomwa kwa kipimo kiitwacho bar, na kwa nyumba ya kawaida bar 2 hadi 4 zinatosha kabisa. Ikifika bar 5.5 au zaidi, hapo pana tatizo. Hata kanuni za mabomba za Marekani huweka mpaka wake hapohapo na kudai valvu ya kupunguza presha. Kama geji yako imeandikwa psi, bar 1 ni karibu psi 14.5. Pima mchana, kisha pima tena usiku wa manane. Usiku majirani wamelala, maji hayachotwi, na presha kwenye bomba la mtaa hupanda. Mafundi wengi hupima saa nne asubuhi, wakaona bar 4, wakaondoka wameridhika, kumbe saa nane usiku nyumba hiyohiyo inabeba bar 7. Ninyi mmesema wenyewe kwamba usiku kelele huzidi, kwa hiyo kipimo cha usiku ndicho ninachokitegemea zaidi.

Kama maji yenu hayatoki moja kwa moja mtaani bali hushuka kutoka kwenye tangi la juu, hesabu ni rahisi: kila mita 10 za kimo cha maji ni karibu bar 1. Tangi lililo mita 4 juu ya koki haliwezi kutoa hata nusu bar, na hapo shaka ya presha kubwa inaondoka, labda kama kuna pampu ya kusukuma maji. Penye pampu, tazama swichi yake ya presha imewekwa kwenye bar ngapi. Tena pampu inayojiwasha yenyewe usiku wakati hakuna anayetumia maji inakuambia wazi kwamba kuna mahali yanapotoka.

Kishindo chenyewe kinatokana na maji yanayosimamishwa ghafla. Maji hayabonyei kwa urahisi, na yakiwa mwendoni yana nguvu. Koki ikifungwa kwa mkupuo, nguvu hiyo hugeuka kuwa wimbi la presha linalokimbia ndani ya bomba la chuma kwa zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde, likienda na kurudi. Maji yaliyokuwa yanakwenda mita 1 tu kwa sekunde yakisimamishwa hivyo, presha inaweza kuruka kwa zaidi ya bar 10 kwa muda mfupi mno. Ndiyo maana sichukulii kishindo kama kelele tu. Kila pigo linatikisa viungo, linachosha mipira ya koki na valvu, na kwenye bomba ambalo halikufungwa vizuri ukutani linalisugua bomba dhidi ya tofali mpaka siku moja litoboke. Mashine ya kufulia ni chanzo kikubwa, kwa sababu valvu yake ya umeme hufunga haraka kuliko mkono wa mtu yeyote.

Tiba yake hufuata mpangilio. Kwanza shusha presha: fundi anafunga valvu ya kupunguza presha kwenye bomba linaloingia nyumbani, baada ya valvu kuu, na kuirekebisha iwe kama bar 3. Kama ipo tayari, huenda imekufa. Nayo huchakaa kama kifaa kingine chochote, na chujio lake huziba. Pili, kaza vishikizo vya bomba kila panapofikika. Tatu, ikiwa kishindo kinabaki kwenye mashine ya kufulia peke yake, fungeni kizuia kishindo karibu na koki yake: ni kopo dogo lenye hewa na pistoni ndani, linalopokea lile pigo. Nyumba za zamani zilikuwa na vipande vya bomba vilivyosimama wima, vimezibwa juu, vikiwa na hewa ya kazi hiyohiyo. Hewa ile hatimaye huyeyuka ndani ya maji na kipande hujaa. Ukifunga valvu kuu, ukafungua koki ya juu kabisa na ya chini kabisa hadi mabomba yakauke, hewa hurudi, na mara nyingine kelele huisha siku hiyohiyo bila kununua chochote.

Sasa hita, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kile kibomba cha pembeni kinachotoa matone ni cha valvu ya usalama. Maji yakipashwa moto kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi hutanuka kwa karibu asilimia 1.5, yaani hita ya lita 100 inazalisha lita moja na nusu ya ziada isiyo na pa kwenda. Kama njia ya kurudi mtaani imefungwa na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, presha hupanda na valvu ya usalama hufunguka, kama ilivyokusudiwa. Matone machache wakati wa kupasha ni ya kawaida kwa hita nyingi. Yakitoka mfululizo, ama presha ya mtaa ni kubwa, ama panahitajika tangi dogo la kupokea maji yaliyotanuka, ama valvu yenyewe imechakaa na inabadilishwa. Lakini msikubali kamwe mtu akizibe kibomba hicho kwa kizibo ili pasilowe. Hita isiyo na pa kupumulia, kidhibiti joto chake kikiharibika, inaweza kulipuka na kubomoa ukuta. Nimeona vibomba vilivyozibwa, vimezibwa kwa nia njema na mtu aliyechoka kupangusa sakafu, na kila mara nazima hita kabla ya kufanya jambo lingine.

Tuje kwenye bili. Mita ya maji itawaambia ukweli kabla ya nyundo. Funga koki zote, zima mashine, mtu yeyote asitumie choo, halafu tazama mita. Nyingi zina kigurudumu kidogo cha nyota au pembetatu kinachozunguka hata kwa maji machache. Kikizunguka, maji yanatoka mahali. Sasa funga valvu kuu inayoingiza maji nyumbani. Kigurudumu kikiendelea, uvujaji uko kati ya mita na nyumba, na huko kwenye sakafu yenu hakuna cha kuvunjwa. Kikisimama, uko ndani. Fungua tena, kisha funga valvu ndogo ya choo kimoja baada ya kingine ukitazama mita. Mwisho funga valvu inayopeleka maji baridi kwenye hita; kikisimama hapo, tatizo liko upande wa maji moto. Kazi hii yote ni ya nusu saa na haihitaji fundi.

Mimi ningeanza kwa kumshuku choo. Choo kinaweza kumwaga maji usiku na mchana bila sauti, yakiteremka polepole nyuma ya bakuli. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute, rudi baada ya nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini unaoziba tundu la tangi umekakamaa au kiti chake kina chokaa. Unasafishwa, au unabadilishwa. Ni kifaa kidogo. Wanaopenda kuweka vidonge vya klorini ndani ya tangi wajue vinaula mpira huo. Lakini kama maji yanaingia kwenye bomba la kufurikia katikati ya tangi, kosa liko kwenye valvu ya boya: shusha boya hadi maji yasimame kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba hilo. Kama haikamati, na presha ni kubwa, basi presha ndiyo inayoisukuma ifunguke, na kubadilisha boya hakutasaidia sana. Tangi la juu nalo lina boya. Likifurika, maji hupita kwenye bomba la nje na huenda hakuna anayeona.

Koki ya jikoni mmeitibu mara mbili kwa dawa moja. Wosha hukandamizwa juu ya kiti cha shaba ndani ya koki. Kiti hicho kikishakuwa na mkwaruzo au kishimo kilicholiwa na maji, wosha mpya itaziba wiki mbili, kisha itakatika palepale. Fundi afungue koki, apitishe kidole kwenye kiti. Kikikwaruza, kinasawazishwa kwa kifaa cha kusagia viti vya koki, au kama ni cha kufunguka kinabadilishwa, kisha wosha mpya ya ukubwa uleule. Funga valvu kabla ya kufungua, na ziba tundu la sinki, skrubu zisiende na maji. Kama koki yenu ni ya kugeuza robo mzunguko, ndani hakuna wosha bali visahani vya kauri, na hapo hubadilishwa kikasha chote. Kama maji yanatoka kwenye shina la mkono na si mdomoni, hiyo ni habari ya nati ya kukaza pakingi tu, ile inayozunguka shina kuzuia maji. Mkitaka kujua koki hii inawagharimu kiasi gani, weka kikombe kwa dakika 10, pima kilichojaa, zidisha mara 144, mtapata maji ya siku nzima.

Sinki linaloguguma choo kikivutwa linavuta hewa kupitia mahali pasipofaa. Chini ya sinki kuna kona iliyopinda inayobaki na maji, angalau milimita 50 hivi kwa kina, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu ya mfereji isipande. Choo kikivutwa, maji mengi yanashuka kwa pamoja na kuvuta hewa nyuma yake. Bomba la hewa linalotoka juu ya paa likiwa limezibwa na kiota au majani, hewa hiyo hunyonywa kutoka kwenye sinki, maji ya kona huondoka, na harufu huingia. Kwa hiyo paa kwanza, kisha chemba. Kama chemba ya nje imejaa, tatizo ni mfereji mkuu, na dawa ni waya wa kuzibulia upitishwe kutoka hapo. Kama sinki peke yake linashuka polepole, weka ndoo chini, fungua kona hiyo, utoe mafuta yaliyoganda. Maji ya moto huyayeyusha lakini hugandia mbele kidogo, mahali pagumu zaidi kufika. Na kama mmeshamwaga dawa kali ya kuzibulia, mwambieni fundi kabla hajafungua. Akiongeza yake ya aina nyingine juu yake, anaweza kupata mvuke wa sumu au kurushiwa usoni.

Baada ya yote haya, ikiwa mita bado inazunguka na vyoo vyote vimefungwa, hapo ndipo sakafu inaingia kwenye mazungumzo. Hata hivyo si yote. Fundi atenge mabomba kwa sehemu, azibe ncha, ajaze presha na kutazama geji: sehemu inayoshuka ndiyo yenye tundu. Kisha kifaa cha kusikiliza sakafuni kinapunguza eneo hadi vigae vichache. Bomba la plastiki la kuunganishwa kwa joto hukatwa kipande na kuunganishwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi za Selsiasi. Likiunguzwa kupita kiasi, plastiki huyeyukia ndani na kubana njia ya maji, kwa hiyo muulizeni kama anafuata muda wa kila kipimo cha bomba. Bomba la chuma lililopakwa zinki ni hadithi tofauti: kama asubuhi maji ya kwanza hutoka na kutu, mtiririko umedhoofika nyumba nzima ingawa geji inaonyesha presha ya kutosha, na limeshatoboka zaidi ya mahali pamoja, fundi wenu atakuwa na haki na kubadilisha yote ni busara. Hapo ningewashauri mabomba mapya yapitishwe ukutani au darini, yale ya sakafuni yaachwe yamekatwa na kuzibwa. Na popote atakapounganisha, mwambieni asifukie siku hiyo. Viungo vibaki wazi chini ya presha ya majaribio hadi kesho yake, mshale wa geji ukiwa palepale alipouacha, ndipo alete saruji.