Hela za kilio cha mama nilizipeleka Lwiro: jibu kwa dada aliyeuliza

Dada, pole sana. Umesema mama yako ameaga kwa ugonjwa wa figo, mwaka unatimia, na unataka hela za kumaliza kilio ziende kwa wanyama kwa sababu aliwapenda. Halafu wajomba wanakuambia, "Watu wana njaa, wewe unalisha nyani?" Mimi niko Bukavu, mashariki mwa Kongo, na nimepita hapo hapo. Nitakueleza na kosa nililofanya, ili usilirudie.

Mama yangu alifariki kwa kansa ya matiti mwaka 2015. Tantine, ndivyo tunavyomwita shangazi, aliyebaki kutulea akamfuata kwa kisukari miaka mitatu baadaye. Mama alikuwa anauza ndizi soko la Kadutu. Jioni akifika nyumbani alivua kitenge cha juu, akakitandika chini, akaanza kuchambua: zilizobonyea kidogo ni zetu, zilizopasuka ni za mbuzi wa jirani, ambao walikuwa wanamngoja mlangoni. Mwaka wake wa mwisho mkono wa kushoto ulikuwa umevimba hadi pete ikakatwa. Bado alichambua, kwa mkono wa kulia.

Sasa kosa. Mwaka wake ulipotimia nilikuwa kwenye barabara ya Kavumu, nikaona kijana ameshika kima mchanga aliyefungwa kamba ya nailoni kiunoni. Nikakumbuka mama. Nikatoa dola 20, nikamweka kima ndani ya koti, nikamwambia motari, dereva wa pikipiki, anipeleke moja kwa moja Lwiro, kwenye kituo cha kulelea sokwe na kima. Kituo hicho kipo tangu 2002, kinaendeshwa na ICCN, shirika la serikali la kuhifadhi wanyama na mbuga, pamoja na watafiti wa CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi cha hapo Lwiro. Nilidhani nitapongezwa.

Mlezi alivaa barakoa kwanza, maana mafua yetu yanawaambukiza wanyama, kisha akampokea. Alikata kamba polepole kwa mkasi. Chini yake manyoya yalikuwa yamekwisha na ngozi imechubuka mduara mzima. Kima akamshika kidole kimoja kwa mkono wote, hakukiachia. Ndipo mlezi akaniuliza, "Ulimlipa?" Nikasema ndiyo. Akaniambia bila ukali: mama wa kima hamwachii mtoto wake, kwa hiyo mwindaji humuua kwanza, nyama inauzwa, mtoto anauzwa. Yule kijana akishaona dola 20, kesho atarudi porini. Na sheria ya 2014 ya kuhifadhi mazingira inakataza biashara ya wanyama wanaolindwa. Ukiona mtu anauza, kumbuka mahali, uwaarifu watu wa ICCN, usifungue mfuko. Kurudi Bukavu nililia njiani kuliko siku ya mazishi. Nilikuwa nimelipia kifo cha mama mwingine kwa jina la mama yangu.

Kwa hiyo, dada, usinunue mnyama kwa huruma hata siku moja. Toa kwa wanaolea.

Na usitoe kwa kubahatisha. Mimi hupiga simu kwanza kuuliza wanahitaji nini. Mwaka mmoja nilikuwa nimeshaagiza mikungu ya ndizi, kumbe walikosa maziwa ya unga na sabuni. Mtoto wa sokwe mtu, sisi huku tunasema sokomutu, hunyonya miaka minne au mitano, na hawa wanaofika bila mama hupewa chupa usiku na mchana. Ndiyo maana naona afadhali kidogo kila mwezi kuliko kingi mara moja. Kama uko Lubumbashi, usisafiri kuja huku: uliza JACK, wanaolea sokwe mtu walionyang'anywa wauzaji tangu 2006.

Kuhusu wajomba. Usibishane nao kwenye kikao, na misa usiiondoe. Sisi misa ilisomwa, watu wakanywa chai, ila ng'ombe hakuchinjwa. Mjomba wangu mkubwa alinuna kweli. Mwaka uliofuata nilimwomba anisindikize Lwiro, zaidi ya kilometa 40. Kituo hununua chakula kwa wakulima wa vijiji vya pale, na siku hiyo alikuta akina mama wameshusha vikapu vya mboga na ndizi, wanahesabu hela zao. Alisimama nao muda mrefu, akauliza bei ya kila kitu. Hakusema kwamba alikosea, na sikumngoja aseme. Lakini mwezi wa kumbukumbu ukikaribia, sasa ni yeye anayenipigia simu kuuliza tunapeleka nini.

Kitu kimoja tu nawaomba pale kituoni: kwenye karatasi ya mapokezi waandike jina la mama na la tantine, langu wasiliweke. Karatasi hizo nazihifadhi ndani ya kile kitenge cha kuchambulia ndizi.