Daktari wa nyumbani na usajili wa Uingereza: GMC wanataka nini hasa

"Kaka, shahada ya udaktari (MD) ninayo, intern nimemaliza, leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika iko mkononi. Huko Uingereza naanza kazi lini?"

Swali hili halikauki, linabadilika jina la chuo tu. Jibu la kweli: ukianza leo na mambo yakaenda vizuri, weka mwaka mmoja na nusu hadi miwili mpaka upate namba ya GMC, yaani baraza la madaktari la huko. Na namba ikishapatikana, mshahara haujaja. Usajili ni jambo moja, ajira ni jingine, na siku hizi la pili ndilo gumu zaidi.

Kwanza hakikisha unahusika. GMC wanapokea shahada ya udaktari kutoka chuo kilichomo kwenye World Directory of Medical Schools, na kwenye ukurasa wa chuo hicho lazima pawe na maelezo kwamba GMC wanakikubali. Tafuta chuo chako, kisha linganisha na mwaka uliohitimu. Maafisa tabibu na AMO (madaktari wasaidizi), samahani kwa kusema wazi: hata kama umefanya operesheni za uzazi wilayani miaka ishirini, kwa GMC hiyo si shahada ya udaktari, na hakuna mtihani wa kuziba pengo hilo. Anayekwambia upo anatafuta pesa yako.

Pili, Kiingereza. Hapa Mtanzania huuliza: "Si tumesoma kwa Kiingereza miaka mitano?" Kweli, na GMC wana kifungu kinachomruhusu aliyehitimu ndani ya miaka 2 kutumia barua ya chuo badala ya mtihani. Lakini kifungu hicho hakiishii darasani. Kinataka pia angalau asilimia 75 ya mazungumzo ya kitabibu, pamoja na mazungumzo na wagonjwa na ndugu zao, yawe yamefanyika kwa Kiingereza. Sasa nani Bongo amechukua historia ya mgonjwa kwa Kiingereza? Wodini ni "Mama, maumivu yalianza lini?" kuanzia asubuhi mpaka jioni. Chuo kikisaini barua hiyo kinasema uongo, na kwa GMC uongo kwenye nyaraka ni kosa linaloweza kukufungia mlango kabisa. Fanya mtihani tu.

Mitihani inayotumika ni miwili. IELTS, ile ya kitaaluma, wanataka wastani wa 7.5 na kila kipengele kisipungue 7.0. OET ya madaktari wanataka daraja B, yaani alama 350, katika kila kipengele kati ya vinne. Kinachokwamisha wengi ni kuandika: mtu anapata 8 kwenye kusikiliza na 6.5 kwenye insha, basi yote yamekufa. Kwa daktari, OET inaendana na kazi zaidi, maana kuandika kwake ni barua moja ya kitabibu ya maneno 180 hadi 200 kwa dakika 45, mara nyingi ya rufaa, kutoka kwenye maelezo ya mgonjwa unayopewa. Bei yake ndiyo iko juu. Matokeo yana uhai wa miaka 2, kwa hiyo usiufanye mapema mno ukaja kukuta umekwisha muda kabla hujaomba usajili.

Tatu ni uhakiki wa vyeti, na hapa ndipo kalenda za watu zinapoharibika. GMC hawapokei cheti chako kwa kukitazama. Unakipakia kwenye mfumo wa EPIC unaoendeshwa na ECFMG ya Marekani, nao wanawasiliana na chuo chako moja kwa moja: huyu mlimpa shahada hii, tarehe hii? Nyaraka ni halali siku chuo kitakapojibu. Chuo kisipojibu, umekaa. Barua pepe inaweza kuwa imeangukia kwenye anwani ya mtumishi aliyestaafu. Pigia ofisi ya msajili, uliza kwa jina nani anajibu maombi ya EPIC, mpe namba yako ya kumbukumbu, kisha fuatilia kwa upole kila wiki. Upole ni muhimu, maana faili lako ni moja kati ya mengi pale mezani.

Halafu majina. Pasipoti inasema Fatuma Juma Ali, cheti cha MD kinasema Fatma J. Ali, leseni inasema Fatuma Ali Juma. Nyumbani hakuna anayeshangaa. Kwenye EPIC hao ni watu watatu. Linganisha nyaraka zote na pasipoti kabla hujafungua akaunti yoyote, na kama kuna tofauti, nenda kwa wakili uape na upate hati ya majina kabla ya kulipia chochote. Wenzetu wa Kongo na Burundi wana kazi ya ziada, kwa kuwa vyeti vya Kifaransa vinahitaji tafsiri rasmi.

Sasa mtihani wenyewe. PLAB, yaani mtihani wa GMC kwa madaktari waliosoma nje ya Uingereza, ina sehemu mbili, na zote zinapima kiwango cha daktari anayeanza mwaka wa pili baada ya kuhitimu Uingereza. Huhitaji akili ya bingwa, na mabingwa wengine huangushwa na ubingwa wao.

PLAB 1 ni maswali 180 ya kuchagua kwa saa 3, dakika moja kwa swali. Hakuna kukatwa alama kwa kukosea, kwa hiyo usiache tupu hata moja. Unaweza kuifanyia nje ya Uingereza. Angalia vituo vilivyopo mwaka huo, na wahi, viti huisha. Ugumu wake ni kwamba jibu sahihi ni la NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu ya Uingereza, siyo la mwongozo wa wizara yetu. Mfano: mgonjwa wa miaka 45 ana presha, hana kisukari, dawa ya kuanza ni ipi? Kwa NICE, akiwa Mwafrika unaanza na dawa ya kundi la amlodipini. Akiwa Mzungu wa umri huohuo unaanza na kundi la ramiprili. Mtu aliyemeza parasetamo nyingi kwa mkupuo, damu inapimwa saa 4 baada ya kumeza, siyo kabla, ndipo unalinganisha na mstari wa matibabu. Mwenye kifafa hatakiwi kuendesha gari mpaka atimize miezi 12 bila degedege, na wajibu wako ni kumwambia aiarifu mamlaka ya leseni, DVLA. Vitu hivi havikufundishwa Muhimbili wala Nairobi kwa sababu havikuhusu. Miezi mitatu hadi minne ya kusoma kwa bidii huku unafanya kazi inatosha wengi, ilimradi usome vitu vyao.

PLAB 2 inafanyika Manchester tu. Ni OSCE, mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo, unaijua tangu chuoni: vituo 16, kila kimoja dakika 8, na dakika moja na nusu mlangoni ya kusoma kisa. Kila kituo kina maeneo matatu ya alama, kila eneo 0 hadi 4: kukusanya taarifa na kupima, mpango wa matibabu, na namna ulivyoongea na mtu. Eneo la tatu lina uzito sawa na tiba yenyewe. Na kufaulu kunataka vitu viwili kwa pamoja, jumla ya alama na idadi ya vituo ulivyofaulu, hivyo huwezi kung'ara vitano ukafidia kumi ulivyoboronga.

Chukua kituo kimoja. Karatasi ya mlangoni inasema: mwanamke wa miaka 52 amekuja kuchukua majibu ya kinyama kilichotolewa kwenye titi, majibu ni saratani, zungumza naye. Unaingia, mwigizaji amekaa. Daktari wetu aliyezoea foleni ya wagonjwa themanini anatoa majibu sekunde ya ishirini, kisha dakika saba na ushee zilizobaki anafundisha: upasuaji, dripu za kemo, mionzi. Yote sahihi, na kituo kimeanguka. Walichotaka: muulize anajua nini mpaka sasa, mwandae kwamba habari si nzuri, litamke neno saratani bila kulizungusha, kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi unatisha lakini una alama. Halafu uliza kinachomtia hofu zaidi. Inawezekana ni binti yake mwenye harusi mwezi ujao, wala si titi. Mpango unakuja mwishoni na kwa ufupi: timu ya wataalamu itakaa, kuna nesi wa saratani wa kumpigia simu, mtaonana lini.

Na kuna mtego ambao Mswahili peke yake anauona. Kiingereza hakina "pole". Neno letu moja linabeba huruma, heshima na uwepo. Ukilitafsiri kwa neno lao la kuomba radhi, mara ya tatu linasikika kama umekosea kitu. Inabidi useme unachokiona: kwamba habari hii imemshtua, kwamba hukumtegemea aipokee kirahisi. Fanya mazoezi kwa sauti na mtu, siyo kwenye daftari.

Mtego mwingine ni ndugu. Nyumbani mume au kaka mkubwa huambiwa kabla ya mgonjwa, na tunaona ni busara. Kwenye kituo cha mazungumzo ya simu, mume anayetaka majibu ya mkewe hupewi alama kwa kumsaidia. Unapewa kwa kumkatalia kistaarabu huku ukisikiliza wasiwasi wake. Binti wa miaka 15 anayetaka dawa za uzazi wa mpango bila mama kujua, humfukuzi wala humpigii mama simu: unapima kama anaelewa anachokitaka, unahakikisha hanyanyaswi, unamshauri amshirikishe mzazi, na akikataa huku ana uelewa, siri yake inabaki.

Una majaribio 4 kwa kila sehemu. PLAB 2 lazima uifaulu ndani ya miaka 2 tangu kufaulu PLAB 1, na ni ya gharama: ada peke yake ni takriban pauni 1,000, zaidi ya milioni 3 za Kitanzania, kabla ya viza ya mgeni, nauli na malazi ya Manchester. Jaribio la pili ni karibu bei ileile tena. Ndiyo maana kwenda bila mazoezi ya kutosha ni hasara kubwa kuliko kuchelewa miezi miwili.

Ukishafaulu unaomba usajili, na ada ya hapo inazidi pauni 400. Wanahitaji barua ya hadhi njema kutoka kila baraza ulilosajiliwa au nchi uliyofanyia kazi ndani ya miaka 5. Baraza linaituma lenyewe kwa GMC, na inakufa baada ya miezi 3, kwa hiyo usiiombe kabla ya PLAB 2. Ulifanya kazi Kigali au Muscat mwaka mmoja? Na huko pia. Wanataka pia ushahidi wa intern ya miezi 12, isiyopungua miezi 3 magonjwa ya ndani na 3 upasuaji. Mzunguko wetu wa idara nne unakupa miezi 3 kamili kila moja, bila akiba. Uliyeugua wiki mbili upasuaji bila kufidia utaulizwa. Barua iandikwe tarehe za kuanza na kumaliza kila idara.

Wenye M.Med, yaani shahada ya ubingwa ya kwetu, msitarajie rejista ya mabingwa kwa cheti hicho. Kuna njia ya kuwasilisha mafaili ya ushahidi wa kazi zako zote, ni ndefu na nzito. Ila ukiwa na MRCP (ya magonjwa ya ndani), MRCS (ya upasuaji) au mtihani mwingine kama hiyo ya vyuo vya mabingwa vya Uingereza, ukiwa umeukamilisha, PLAB unaiepuka; Kiingereza, EPIC na barua ya hadhi njema vinabaki. Na ipo MTI, mafunzo ya miaka 2 kwa viza maalumu kisha unarudi nyumbani, inayotoa kipaumbele kwa nchi kama zetu. Wachache wanaiulizia, na kwa aliye katikati ya ubingwa naiona bora kuliko PLAB. Oman na Ghuba ni habari nyingine, huko ni uhakiki wa DataFlow na mtihani wa Prometric.

Sasa ajira. Waombaji wa nafasi za mafunzo ya ubingwa wamezidi nafasi kwa mbali, na serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 2025 kwamba waliosoma huko watangulizwe. Kazi zisizo za mafunzo nazo zinafungwa siku chache tu baada ya kutangazwa, kwa wingi wa maombi. Watu wana namba ya GMC na wamekaa miezi bila kuitwa. Kwa hiyo usiache kazi nyumbani ili "ujiandae": pengo la zaidi ya mwaka bila kugusa mgonjwa linakuumiza kwenye usaili. Fanya ukaguzi wa huduma mmoja wodini kwako, upime tatizo, urekebishe, upime tena, uandike. Hilo watakuuliza.

Wakala akija Dar akisema hospitali ya Uingereza imemtuma kuajiri, mwonyeshe mlango. Tanzania na Uganda zimo kwenye orodha ya WHO ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni za Uingereza zinakataza kwenda kuajiri huko. Wewe mwenyewe kuomba moja kwa moja kwenye NHS Jobs, tovuti ya ajira ya huduma ya afya ya umma ya Uingereza, unaruhusiwa, na ni bure.