Korintho: usilipe salio la ziara ya nusu siku, anza na mlima

Ndugu mleta mada, usilipe salio la safari hiyo. Umeandika kwamba mtafika Athene mwezi Agosti, wewe na mama yako, kwamba umekwisha kutoa malipo ya awali ya ziara ya nusu siku kwenda Korintho, na umeuliza kama muda huo unatosha. Muda huo hautoshi. Miaka sita iliyopita nilinunua ziara ya namna hiyohiyo, nikiwa na mama yangu vilevile, na tangazo ulilolibandika linafanana na lile lililoninasa mimi karibu neno kwa neno: mfereji, magofu, kiti cha hukumu cha Paulo, kisha kurudi Athene kwa chakula cha mchana.

Tazama saa zinavyokwisha. Korintho ya kale iko kama kilomita 80 kutoka Athene. Basi letu liliondoka saa mbili na nusu asubuhi, likasimama kwanza kwenye mfereji, na hapo tulikaa dakika 50 kwa sababu pana maduka ya zawadi. Mfereji wenyewe ni kazi ya kustaajabisha, sikatai: Kaisari Nero aliuanzisha mwaka 67, ukaja kukamilika mwaka 1893, na una urefu wa zaidi ya kilomita 6 ilhali upana wake chini ni kama mita 21 tu, hata meli kubwa za leo haziwezi kupita. Lakini ukisimama darajani kwa dakika kumi umekwisha kuuona. Tulipofika kwenye magofu tulikuwa na saa moja na dakika chache, na foleni ya tiketi ikachukua sehemu yake.

Hayo ningeyasamehe. Lisilosameheka ni lile tuliloambiwa mle ndani. Yule mtembeza watalii alitusimamisha mbele ya nguzo 7 zilizosalia, akatangaza kwa sauti ya mtu asiye na shaka kwamba hilo ndilo hekalu la Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki, kwamba makahaba 1,000 wa hekalu walihudumu papo hapo, na kwamba Paulo alikuwa akiwatazama hao alipowaandikia Wakorintho juu ya zinaa. Mama yangu, aliyefundisha shule ya Jumapili zaidi ya miaka 30 na kuusoma Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho mpaka kurasa zake zikalegea, aliandika kila neno katika daftari lake. Nilipouliza ule mlima mkubwa ulio nyuma ya magofu ni kitu gani, nilijibiwa kwamba ni ngome ya Waturuki tu, haina cha kuona, na basi linaondoka.

Miezi miwili baadaye mama alisimama mbele ya akina mama wa usharika wetu kule Moshi, akayasimulia hayo yote kwa furaha ya mtu aliyefika mwenyewe. Mchungaji kijana aliyekuwapo akamsahihisha, kwa adabu lakini hadharani. Mama alifunga daftari lake na hakulifungua tena mbele ya watu. Mwenye kuniambia kwamba ningesoma kwanza, namjibu kwamba nililipa euro 130 kwa watu wawili ili mtu aliyesoma anieleze. Fundi akikosea kukata kitambaa, halaumiwi mwenye nguo.

Ukweli ni huu, na ningependa mama yako aujue kabla hajapanda ndege. Nguzo zile 7 ni za hekalu linalohesabiwa na wachimbaji wa mambo ya kale kuwa la mungu Apollo, lililojengwa katikati ya karne ya 6 kabla ya Kristo. Zilikuwa 38, na kila moja ilichongwa kutoka jiwe moja zima. Hekalu la Aphrodite lilikuwa kwenye kilele cha mlima ule tulioambiwa hauna cha kuona. Mlima huo ndio Akrokorintho, wenye mita 575 kutoka usawa wa bahari. Habari ya wanawake 1,000 imetoka kwa mwanajiografia Strabo, naye alikuwa akisimulia mambo ya mji wa zamani wa Wagiriki, ule ambao jemadari wa Kirumi Lucius Mummius aliuharibu mwaka 146 kabla ya Kristo. Mji ukabaki gofu kwa karibu karne moja, mpaka Julius Caesar alipoagiza ujengwe upya mwaka 44 kabla ya Kristo, na Paulo aliingia katika mji huo wa pili, wa Kirumi, karibu karne nyingine baadaye. Tena wapo wataalamu wengi wanaotilia shaka hesabu hiyo hata kwa mji ule wa kwanza. Mtu anayelipwa kuonyesha Korintho akichanganya mlima na bonde, Apollo na Aphrodite, mji uliokufa na mji uliozaliwa upya, anawaibia watu kitu ambacho fedha haikirudishi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: anza na mlima. Nilirudi peke yangu miaka miwili baadaye, nikapanda treni ya kitongoji kutoka Athene hadi kituo cha Korintho, ambacho kiko upande wa mji mpya ulioanzishwa mwaka 1858 baada ya tetemeko kuuangusha ule wa zamani, kisha nikachukua teksi moja kwa moja hadi kwenye lango la ngome, bila kugusa magofu. Lango la mlimani lina saa zake za kufunga, nawe uziulize siku moja kabla. Ndani kuna malango matatu yanayofuatana, na kuta zilizojengwa na kujengwa tena na Wabizanti, Wafaranka, Waveneti na Waturuki. Hapo pia panasimuliwa habari ya Leo Sgouros, mtawala aliyezingirwa na Wafaranka mwanzoni mwa karne ya 13, ambaye inasemekana alimpanda farasi wake na kuruka naye gengeni kuliko kusalimu amri.

Ukifika kileleni unaona bahari mbili kwa pamoja, Ghuba ya Korintho upande mmoja na Ghuba ya Saronika upande wa pili, na kati yake ile shingo nyembamba ya nchi. Hapo ndipo niliposikia hadithi zote zikikaa mahali pake. Wagiriki walisimulia kwamba Poseidon, mungu wa bahari, na Helios, mungu wa jua, waligombania nchi hii, mwamuzi akampa Poseidon ile shingo na Helios akapewa mlima, naye akamkabidhi Aphrodite. Ukiwa chini hadithi hiyo ni maneno. Ukiwa juu unaiona kwa macho. Karibu na kilele kuna chemchemi ya Peirene ya juu. Husimuliwa kwamba mfalme Sisyphus alimwona Zeus, mkuu wa miungu, akimtorosha binti wa mungu wa mto Asopos, akakubali kutoboa siri kwa sharti kwamba apewe maji katika ngome yake, na adhabu yake ikawa kusukuma jiwe mlimani milele. Mtu aliyetembea njia ile ya mawe yenye utelezi anaelewa kwa nini adhabu hiyo ilitungiwa mfalme wa hapa. Na ni kwenye maji ya Peirene ambapo Bellerophon alimkamata Pegasus, farasi mwenye mabawa, kwa hatamu aliyopewa na mungu wa kike Athena. Ndiyo maana sarafu za Korintho zilichongwa farasi huyo.

Nilipoteremka kwenye magofu adhuhuri, kila kitu kilikuwa kimeshapata jina lake. Nilikaa mbele ya jukwaa la mawe linalohesabiwa kuwa kiti cha hukumu alipoletwa Paulo mbele ya Galio, liwali wa Kirumi, nikasoma Matendo sura ya 18 taratibu, bila mtu kupiga filimbi ya basi. Kisha nikatoka nje ya uzio hadi karibu na ukumbi wa michezo, penye jiwe la sakafu lenye jina la Erasto. Wengine humhesabu kuwa ndiye yule wakili wa mji, yaani mtunza hazina wake, anayetajwa katika Warumi 16, ingawa si wote wanaokubali.

Najua utasema mama yako hawezi kupanda. Mama yangu naye magoti yalikuwa yanamsumbua, nami nilikubali kirahisi kwamba mlima haumhusu, nisijue kwamba gari hufika karibu kabisa na lango la kwanza. Angeketi pale kivulini asubuhi na kuiona Ghuba ya Korintho yote. Mwaka ule niliporudi nilimpigia simu ya video kutoka kileleni, nikageuza kamera polepole, naye akaniuliza Kenkrea, ile bandari ya kale ya Korintho, iko upande gani. Nikamwonyesha. Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akifungua mtoto wa meza kutafuta daftari.