Ukijua kibla, kulielekeza dishi si kazi kubwa

Masika ikianza tu, simu yangu haipoi. "Ami, picha inaganda." "Kaka, imeandika hakuna mawimbi." Mimi si fundi wa kampuni yoyote. Ni mkaazi wa Fuoni, hapa Unguja, niliyeanza kwa kufunga dishi langu mwenyewe, kisha la mama mkwe, kisha la jirani, na sasa mtaa mzima unajua nani ana spana na pima maji. Na karibu kila simu ya masika, nikipanda juu nakuta jambo lile lile: mvua haina kosa. Dishi lilielekezwa nusunusu tokea kiangazi.

Matangazo ya siku hizi ni ya kidijitali, na dijitali inaficha aibu. Zamani, enzi za antena za TVZ, ukikosea kidogo unaona chenga, unajua kuna kazi. Sasa ubora wa mawimbi kwenye kipimo cha king'amuzi ukiwa asilimia 60 au 90, picha ni ile ile, safi kabisa. Tofauti utaiona siku wingu zito likikaa kwenye njia ya mawimbi. Aliyekuwa na 90 anashuka, lakini anaendelea kutizama mpira. Wa 60 anabaki na kioo cheusi. Wala si lazima mvua iwe juu ya paa lako. Mawimbi yanakuja kwa mshazari, kwa hiyo inaweza kunyesha Mwanakwerekwe, Fuoni kukavu, na picha ikakatika Fuoni.

Kwa hiyo usishuke juu ya paa kwa sababu picha imetoka. Shuka ukishahakikisha ubora haupandi tena.

Kabla ya yote, nguzo. Hapa sina mzaha. Bomba la kubebea dishi lazima lisimame wima kabisa, na pima maji iwekwe pande mbili, mbele na ubavuni. Zile alama za digrii nyuma ya dishi zinasema kweli pale tu bomba limenyooka. Likiinama, unapozungusha dishi kwenda kushoto, lenyewe linapanda au kushuka bila ya wewe kujua, na hapo ndipo watu wanapomaliza siku nzima juani wakilaumu king'amuzi.

Nyumba za tofali na zege hazina shida, bolti za kutanuka zinashika vizuri. Kuta za zamani za mawe na chokaa ni jambo jengine. Ukitoboa unapata unga, bolti inaingia kwa raha na inatoka kwa raha vile vile. Tafuta sehemu ya zege, au simamisha bomba kwenye sakafu ya juu kwa kulimwagia zege chini. Na kwa wakaazi wa Mji Mkongwe, mji ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, muulize kwanza anayehusika na hifadhi kabla hujatoboa ukuta wa mbele. Hata bila ya sheria, dishi juu ya mlango wa kuchongwa ni kituko.

Sasa upande. Setilaiti hizi zimekaa juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 35,786 kutoka ardhini, na zinazunguka sawasawa na dunia. Ndiyo maana kwetu zinaonekana zimesimama pahala pamoja. Sisi tuko kama digrii 6 tu kusini ya ikweta, na tuna bahati ambayo watu wengi hawaifikirii: Makka iko karibu kaskazini yetu barabara, longitudo yake na yetu zinakaribiana mno. Kila nyumba Unguja na Pemba inajua kibla chake. Basi kaskazini unayo tayari, huna haja ya kuhangaika na dira ya simu, ambayo juu ya mabati inaweza kukudanganya vibaya.

Azam wanatumia setilaiti iliyo longitudo ya digrii 7 mashariki. Sisi tuko longitudo ya 39, kwa hiyo hiyo iko magharibi yetu. Simama kuelekea kibla, nyoosha mkono wa kushoto moja kwa moja ubavuni, kisha usogeze mbele kiasi cha upana wa ngumi yako. Hapo ndipo. Kwa hesabu za dira ni kama digrii 280, na kuinuka, yaani dishi litazame juu kiasi gani kutoka usawa wa ardhi, ni kama 52. Pemba tofauti ni digrii moja au mbili, haikuzuii kuanza.

DStv ni habari nyengine kabisa. Yao iko digrii 36 mashariki, karibu na longitudo yetu, kwa hiyo iko juu ya utosi: unaelekea kibla, kushoto kidogo, halafu kuinuka kiasi cha digrii 82. Ukiona dishi la jirani limelala kama sinia limetazama mbinguni, usimcheke, na usiige ikiwa king'amuzi chako si kama chake.

Na usidanganywe na sura ya dishi. Haya madishi madogo ya LNB (kile kifaa cha mbele kinachopokea mawimbi) iliyotokeza kwa chini hutazama juu zaidi kuliko yanavyoonekana, kwa zaidi ya digrii 20. La Azam ukilitizama ubavuni utadhani linaangalia dirisha la mtu. Fuata alama za kwenye kishikio, si jicho lako.

Minazi nayo. Kwa kuinuka digrii 52, ukiwa mita 10 kutoka kwenye mnazi ulio upande wa magharibi, kilele chake kinaweza kuzidi dishi kwa mita 12 na bado hakikusumbui. Zaidi ya hapo makuti yanaanza kupita kwenye njia ya mawimbi, na siku ya upepo picha inakuja na kuondoka. Wa Pemba wenye miembe na mikarafuu iliyofunga kiambo, tafuteni uwazi wa magharibi kwanza, nyumba iwe baadaye. Waya unaweza kurefuka kidogo, mtu hakati mti kwa ajili ya mpira. Au anakata, lakini asiniseme mimi.

Katika kutafuta, angalia ubora, si nguvu. King'amuzi kina vipimo viwili, na kile cha nguvu kinaweza kuonesha 70 hata dishi likiwa limeelekea ukutani, kwa sababu LNB ikipata umeme tu inapeleka kelele zake. Ubora ndio unaosema umenasa setilaiti. Weka kuinuka kwanza, kaza nusu, kisha zungusha pole pole. Kwa dishi la sentimita 90, digrii moja ni kusogea chini ya sentimita moja kwenye ukingo, kwa hiyo ukilisukuma kama mlango umeshaipita. Sogeza, ngoja sekunde chache king'amuzi kisome, ndipo usogeze tena. Mchezo wa "Imekuja!" "Bado!" "Imeondoka!" kutoka juu hadi sebuleni unachosha. Panda na televisheni ndogo, au mtu wa chini akupigie simu ya video aelekeze kamera kwenye kipimo.

Ukipata, usifurahi. Endelea mpaka kipimo kianze kushuka, halafu rudi katikati. Fanya hivyo kwa kuzungusha, fanya kwa kuinuka, kisha fanya kwa LNB yenyewe. Hii ya mwisho mafundi wengi wanairuka. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta na setilaiti ya Azam iko mbali magharibi, LNB lazima ipindwe sana ndani ya kishikio chake, karibu robo ya duara, si wima kama kwenye picha ya boksi. Dalili ya LNB iliyokaa vibaya ni chaneli fulani kuwa safi na nyengine kukwaruza au kukosekana. Zima king'amuzi kabla ya kugusa waya wowote. Uzi mmoja wa ile nyavu ya nje ukigusa shaba ya katikati, king'amuzi kitakulalamikia.

Waya uwe mmoja, usio na kiungo njiani. Pale unapoingia ndani uache uning'inie kidogo chini ya tundu, maji yadondoke nje yasiufuate. Kwenye LNB funika kichwa cha waya kwa mpira na silikoni, maana chumvi ya huku inakula shaba mpaka inakuwa kijani.

Nati pia. Tumia zisizoshika kutu au zipake grisi nyingi. Dishi letu linatazama magharibi, mgongo wake uko mashariki, na kusi inavuma kutoka kusini mashariki: inalisukuma kwa nyuma miezi kadhaa mfululizo. Nati iliyolegea kidogo tu mwezi wa Mei, ukifika Agosti dishi limeshahama. Ukimaliza kukaza, chora mstari wa rangi unaopita juu ya bomba na kishikio kwa pamoja. Likisogea, utaona kwa macho na utajua lilikuwa wapi.

Jambo la mwisho linawashitua watu. Mwezi wa Machi na wa Septemba, siku zinazokaribia usiku na mchana kulingana, picha hupotea kwa dakika chache karibu na saa tisa alasiri, siku kadhaa mfululizo. Hapo jua limepita nyuma ya setilaiti na kelele zake zimeizidi. Usiguse kitu, itarudi. Ila kama siku hizo ndizo unazofunga dishi jipya la Azam, jua hilo hilo la saa tisa linakuonesha upande. Usilikodolee macho. Lipe mgongo, zungusha dishi, na angalia mng'ao unaorudi mpaka uangukie kwenye uso wa LNB.